Fadhila na Masimango: Mawazo juu ya Kiongozi Mwenye Ari

Katika mambo yote niliyopata kuyafundisha mjini Juba, hapana neno lililonipa taabu kama kitenzi kusimanga. Ngeli za nomino huzoeleka, na viambishi vya nafsi huingia akilini baada ya majuma machache. Lakini kusimanga ni kitenzi chenye hadithi nzima ndani yake. Lazima kwanza pawe na mtu aliyetenda wema, pawe na aliyetendewa, upite muda, kisha yule wa kwanza amkumbushe wa pili, kwa uchungu na aghalabu mbele ya watu, kwamba pasipo yeye asingalikuwa kitu. Nilipokwisha kulieleza hivyo, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, huyo ni mjomba wangu." Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao, ingawa siku zile nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kulichukia neno hilo. Sababu hiyo nitaieleza mbele.

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wa jarida letu ni hili: mtu aliyewainua wengine kwa jasho lake ana haki gani juu yao? Methali zetu zinavutana katika jambo hili. Moja hutuambia, tenda wema nenda zako. Nyingine humlaani mtu asiye na shukrani, ikisema kwamba asante ya punda ni mateke. Ya kwanza imeelekezwa kwa mtenda wema, ya pili kwa mtendewa. Na mwenye hekima angesema kila mmoja ashike yake. Shida ni kwamba katika maisha kila mmoja hushika ya mwenzake. Aliyetenda humhesabia mwenziwe mateke ya punda, na aliyetendewa humwambia, si ungekwenda zako?

Nitalichunguza swali hili kwa kumtazama kiongozi wa aina moja tu, yule mwenye ari kali isiyopoa. Neno ari tunalitumia leo kwa sifa, kama nguvu ya moyo inayomsukuma mtu afaulu. Wanaojua Kiarabu, nao ni wengi katika mji huu, husikia ndani yake neno lenye maana ya aibu, na nadhani asili hiyo haikupotea. Mtu wa ari mara nyingi anakimbia aibu fulani ya zamani. Tena nimechagua kiongozi wa burudani wala si wa serikali, kwa kuwa katika burudani mambo haya hayafichiki. Aliyeinuliwa husimama jukwaani watu wakamshangilia, na aliyemwinua husikia shangwe hizo akijiuliza ngapi kati yake ni zake.

Mtu ninayemkusudia ni François Luambo Makiadi wa Kongo, maarufu kwa jina la Franco. Hapa kwetu hahitaji kutambulishwa sana. Nchi yetu imepakana na Kongo, na muziki wa huko haujawahi kuomba hati ya kusafiria. Wazee ambao hawajui neno la Kilingala walicheza nyimbo zake na bado wanazitambua zikianza tu kulia gitaa. Alizaliwa Sona-Bata tarehe 6 Julai 1938. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na mama akawalea watoto kwa kuuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri, mjini Leopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Kijana akajitengenezea gitaa la kopo na nyaya, akawa akilipiga kando ya meza ya mama yake ili wanunuzi wavutike. Sioni haja ya kwenda mbali kuitafuta asili ya ari yake, kwani kwake tangu mwanzo muziki na unga wa kesho vilikuwa kitu kimoja.

Nasi tusisahau kwamba yeye mwenyewe aliinuliwa. Gitaa la kweli alifundishwa na Ebengo Dewayon, kijana mwenzake aliyemtangulia kidogo. Mwaka 1953 akaingia katika studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya Wagiriki, na huko akalelewa na Henri Bowane, mpiga gitaa mashuhuri wa wakati ule. Bowane ndiye aliyemfupishia jina likawa Franco. Msomaji aliangalie jambo hili vizuri: jina ambalo dunia nzima ilimjua kwalo alipewa na mwingine. Na hata bendi yake, OK Jazz, iliyoanza mwaka 1956, ilipata herufi zake mbili kutoka kwa baa ya Oscar Kashama walimokuwa wakipiga. Franco alikuwa na umri wa miaka 17, wala si yeye aliyekuwa kiongozi. Wakubwa wake walikuwapo, wakina Essous na Vicky Longomba. Wao walikwenda na kurudi na kwenda tena. Yeye akabaki, na kadiri alivyobaki bendi ikawa yake.

Ilipokwisha kuwa yake hakuiachia upande wowote ulegee. Alitunga, akaimba, akapiga gitaa. Alikuwa na lebo zake za santuri. Katika miaka ya 1970 akapewa usimamizi wa kiwanda cha kuchapia santuri kilichoitwa MAZADIS. Akajenga Kinshasa ukumbi wake wa dansi, Un-Deux-Trois. Akawa pia mkuu wa chama cha wanamuziki wa nchi yake. Fikiri basi hali ya kijana mwenye sauti nzuri aliyefika mjini akitaka kula kwa muziki: akibisha mlango wa bendi, anamkuta Franco, akibisha wa lebo, Franco, akenda kwa wachapaji, Franco, akitaka kulalamika chamani, mwenyekiti ni Franco. Katika miaka ya 1980 wanamuziki wa bendi ile walizidi 30, hata ikawezekana kundi moja liwe Ulaya pamoja naye na jingine libaki Kinshasa chini ya makamu wake, Simaro Lutumba, mpiga gitaa na mtunzi mpole aliyeingia mwaka 1961. Nyimbo walizozirekodi hukisiwa kuzidi 1,000. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayesema "tutaona kesho". Mimi niliyeshindwa kuwaleta waigizaji kumi saa moja na mahali pamoja siwezi kuitazama bila kumvulia kofia.

Lakini mlango wa bendi ile ulikuwa wa kuingia na kutoka, na kutoka kwa kwanza kunakotufaa hapa ni kwa Georges Kiamuangana Mateta, aitwaye Verckys. Huyu aliingia OK Jazz mwaka 1963, akawa mpulizaji wa saksafoni ambaye watu walimfuata kama walivyomfuata bwana wake. Mwaka 1968, Franco alipokuwa safarini Ulaya, Verckys aliwakusanya baadhi ya wenzake wa bendi akarekodi nao nyimbo kwa faida yake mwenyewe. Franco aliporudi pakawa na mgogoro, na mwaka 1969 Verckys akaondoka akaunda okestra yake, Vévé. Kwa kipimo cha methali ya punda, hayo ni mateke ya wazi, tena yalipigwa mwenye nyumba akiwa hayupo.

Basi sikiliza yaliyofuata. Verckys naye alikuwa mtu wa ari, pengine hata kumshinda mwalimu wake katika biashara. Alifungua lebo, akawapa vyombo na nafasi vijana wengi, akazitoa bendi nyingi za makamo zikajulikana. Na mwaka 1972 waimbaji wake watatu, waliojiita Trio Madjesi, walimwacha wakaunda okestra yao, Sosoliso. Hata bendi nyingine alizozilea zilikuja kumtoka moja baada ya nyingine kwa magomvi ya namna ile ile. Aliyemwacha bwana wake kwa kuona ananyonywa aliachwa na walioona kwamba wananyonywa naye. Hapo ndipo napata shaka juu ya methali ya punda, maana ikiwa kila punda akipewa punda wake anapigwa mateke, huenda kosa limo katika mzigo.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili katika kitabu chake juu ya maadili. Aliuliza kwa nini watenda wema huwapenda waliowatendea kuliko hao wanavyowapenda wao. Watu wengi, alisema, hufikiri kwamba ni kwa sababu mdai humtakia mdeni wake uzima ili alipwe, hali mdeni angefurahi mdai asiwepo. Yeye hakuridhika na jibu hilo. Aliona kwamba mtenda wema ni kama fundi, naye aliyetendewa ni kazi ya mikono yake. Na kila fundi huipenda kazi yake kuliko kazi hiyo ingempenda kama ingekuwa na roho. Akawataja washairi, wanaozipenda tungo zao kama watoto.

Maneno haya yanamweleza kiongozi mwenye ari vizuri kuliko maneno ya uchoyo na unyonyaji tunayoyatumia upesi upesi. Franco aliposikia sauti ya Verckys au ya Sam Mangwana katika santuri, hakusikia mtumishi. Alisikia sehemu ya kazi yake. Ndiyo maana mtu wa namna hii huweza kuwa mkarimu kupita kiasi leo na mkali kupita kiasi kesho, bila yeye mwenyewe kuona kwamba amebadilika. Seremala hasikii aibu kulipapasa meza lake, wala haoni vibaya kulipiga nyundo.

Ila meza halina miguu ya kweli. Hapo ndipo ninapoachana na mfano wa mwanafalsafa, au tuseme yeye alikwisha kuachana nao aliposema "kama ingekuwa na roho", kwani kazi ya kiongozi ina roho. Tena ina kumbukumbu yake. Verckys alipuliza saksafoni kabla hajamjua Franco. Sam Mangwana alipoingia OK Jazz mwaka 1972 alitoka kwa Tabu Ley Rochereau akiwa tayari na jina, na mashabiki wa pande zote mbili walikasirika, hawa kwa kunyang'anywa na hawa kwa kuletewa mgeni. Simaro alitunga "Mabele" akampa Mangwana aiimbe, na sifa ya wimbo ule ikaiinua bendi, na bendi ilipoinuka jina la mwenye bendi likainuka nayo. Madilu System, aliyehangaika kwa miaka kabla ya kuingia mwaka 1980, aliimba na Franco katika "Mario", wimbo wa mwaka 1985 uliovuma kuliko karibu nyimbo zote za bendi hiyo. Je, hapo nani alimwinua nani? Daftari la fadhila lina kurasa mbili, lakini mtu wa ari husoma ukurasa mmoja.

Nitaongeza kwamba "Mario" unahusu kijana anayekaa kwa mwanamke aliyemzidi umri na mali, akila na kuvaa kwa gharama ya mwanamke huyo, na lawama zinazotokea. Franco aliyajua masimango, basi, vizuri sana; aliyafanya wimbo Afrika nzima ikacheza.

Na pana kurasa nyingine za daftari ambazo hazina fedha. Mwaka 1978 serikali ya Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo, ilimtia Franco gerezani kwa ajili ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu. Hakuingia peke yake. Baadhi ya wanamuziki wake waliingia pamoja naye, na Simaro akiwamo, ambaye tungo zake hazikujulikana kwa uchafu wowote. Wale waliokula sahani moja na bwana mkubwa walifungwa kwa kosa la bwana mkubwa. Sijasikia kwamba Simaro alimsimanga kwa ajili hiyo, naye alikaa katika bendi ile mpaka mwenye bendi akafa.

Kisha mtazame Franco mwenyewe akiwa upande wa pili. Kiwanda cha santuri hakukinunua sokoni kama mama yake alivyonunua unga. Alikipata katika siku ambazo utawala wa Mobutu ulikuwa ukigawa mali za wageni. Mwaka 1980 akapewa heshima ya kuitwa Bwana Mkubwa wa muziki wa nchi yake. Na mwaka 1984, uchaguzi ulipofika wenye mgombea mmoja, santuri ya kumsifu mgombea huyo ilitoka OK Jazz. Inawezekana aliyaamini aliyoyaimba. Lakini mtu aliyepewa kiwanda na heshima, na aliyekwisha kuonjeshwa gereza, ana uhuru gani wa kutoimba? Mobutu hakuhitaji kumsimanga. Fadhila ya mwenye nguvu hujisimanga yenyewe, kimya kimya, kila aliyepewa anapoamka. Nafikiri wanamuziki wa Franco waliamka vivyo hivyo mbele yake, na kwamba yeye, kati ya watu wote, angaliweza kulitambua hilo.

Wasomaji wasidhani namtetea kila anayeondoka. Wapo wanaoondoka usiku na vyombo vya watu. Wapo wanaojifunza kwa miaka mitatu kwa gharama ya mwingine, kisha wakaapa redioni kwamba walijifunza wenyewe. Huo ni wizi wa aina yake, na jamii inayoucheka itakosa watu wa kuwainua watoto wake. Ila naona tunachanganya madeni mawili. Deni la kwanza ni la mkataba: nimekupa vyombo, nimekulipia studio, tumeandikiana kiasi fulani na muda fulani. Hilo lidaiwe, hata mahakamani, wala si masimango kulidai. La pili ni deni la fadhila, ambalo halikuandikwa popote kwa sababu lilipotolewa lilitolewa kwa jina la upendo. Kiongozi mwenye ari hupenda kutoa kwa njia ya pili kwa kuwa ina heshima zaidi, kisha akadai kwa njia ya kwanza. Anataka aitwe baba siku ya kutoa, na mdai siku ya kuachwa.

Jambo hili halikuzikwa Kinshasa. Sisi tunaofundisha Kiswahili tumelisikia Dar es Salaam, katika muziki ambao wanafunzi wetu wanaujua kuliko sarufi. Ruge Mutahaba, mmoja wa viongozi wa Clouds Media, alikuwa mtu wa ari wa zama zetu: redio, matamasha ya Fiesta yaliyozunguka mikoani, na ile nyumba ya vipaji iitwayo THT, ambamo vijana kama Barnaba, Linah na Mwasiti walifunzwa. Alipofariki Afrika Kusini tarehe 26 Februari 2019, wasanii wengi walisema kwamba bila yeye wasingalijulikana. Na alipokuwa hai wapo wasanii wakubwa waliomlaumu hadharani, kwa miaka, wakisema kwamba aliyeshika redio ameshika koo zao. Sijaona kwamba kauli hizi mbili zinapingana. Mkono ule ule unaoweza kukuinua ndio unaoweza kukuacha chini, na mwenye mkono huo, hata awe mwema namna gani, hawezi kukutaka usilijue hilo.

Turudi kwa Franco, maana sijasema alivyomaliza. Mlango wake, nimesema, ulikuwa wa kuingia na kutoka. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba ulikuwa pia wa kurudi. Youlou Mabiala aliondoka, akarudi, akaondoka tena mwaka 1977. Mose Fan Fan aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, akafika hata Dar es Salaam akapiga na Orchestra Makassy, akilichukua gitaa la OK Jazz mpaka katika nchi ya Kiswahili. Na Sam Mangwana, aliyeondoka katikati ya miaka hiyo akaenda kutafuta jina lake Afrika ya Magharibi, alirudi mwaka 1982 kurekodi na bwana wake wa zamani, kila mmoja akiwa na jina lake mwenyewe. Santuri wakaiita "Coopération", yaani ushirikiano. Hata Tabu Ley, mshindani wake wa miaka mingi, alirekodi naye mwaka uliofuata. Mwaka 1989 Franco akiwa mgonjwa, yule mtu mkubwa wa mwili amekonda watu wasimtambue, aliyeingia naye studio kwa mara ya mwisho ni Mangwana. Walikwisha kuachana, na kwa hiyo hapakuwa na wa kumlazimisha. Franco alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba mwaka huo huo, na nchi yake ikaomboleza siku nne.

Simaro aliishika bendi kwa muda. Kisha kukatokea ugomvi wa mali baina ya wanamuziki na jamaa za marehemu, na mwanzoni mwa 1994 wanamuziki wakaondoka wote, wakaacha jina na vyombo. Waliunda bendi mpya wakaiita Bana OK. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: bana ni wana. Walipokosa kila kitu, na aliyeweza kuwadai hayupo tena, walijiita watoto wake.

Sasa ile sababu yangu. Tangu nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 Kiswahili kimekuwa kikitafutwa Juba, na katika shule moja nilikofundisha niliunda kikundi cha ngonjera. Ngoma nilinunua kwa fedha yangu. Nauli za boda boda, maji ya kunywa, vitambaa vya mavazi, vyote mimi. Tulifanya mazoezi chini ya mwembe jua likiwa bado kali, na aliyechelewa alifagia uwanja. Nilikuwa mkali, nilijiambia kwamba ukali wangu ni wa faida yao. Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa muuza chai, mwenye sauti ya kunyamazisha watu. Mambo yote niliyapanga kumzunguka yeye. Mwaka 2023, siku tatu kabla ya sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani, alikuja akaniambia kwa adabu kwamba amepata kikundi kinacholipa, naye anaondoka.

Nilimjibu mbele ya wenzake wote. Nilimwambia, "Nilikuokota sokoni, hujui hata kumwamkia mtu mzima kwa Kiswahili. Leo umeota mbawa?" Nikaendelea, nikamhesabia nauli, viatu, na siku ile niliyompeleka zahanati. Alingoja mpaka nilipokwisha. Kisha akasema, "Samahani, mwalimu. Hukuniokota. Sikuwa nimeanguka."

Aliirudisha kanzu ya maigizo siku ya pili, imefuliwa na kukunjwa. Sherehe ilipita; tulishika nafasi tusiyoitaka.

Nimeyafikiria maneno yake kwa muda mrefu kuliko maneno ya Aristotle. Mama yake alikuwa anauza chai, na yeye alikuwa akimsaidia kwa kuwaita wateja kwa sauti ile ile niliyokuja kujivunia baadaye kama kazi yangu. Alikuwa akisimama kwa miguu yake pale pale sokoni. Mimi nilipita nikamsikia, basi. Kwa hakika nilimpa mengi, wala sitaki kujidai kwamba sikumpa; lakini nilichompa nilikiweka juu ya kitu nilichokikuta.

Mwaka jana nilikuwa nikipita Munuki wakati wa alasiri, nikasikia sauti za watoto nyuma ya ua wa matete wakikariri kwa kupokezana. Niliujua mpigo kabla sijayajua maneno: mguu mmoja unapigwa chini mwishoni mwa kila mshororo, kama ninavyofanya mimi. Nikachungulia. Yule kijana alikuwa amesimama mbele ya watoto kama wanane, akiwafundisha kujibizana. Walifika penye neno fadhila, naye akalitamka fazila, na watoto wote wakaitikia fazila. Kosa hilo ni langu. Kiswahili changu nilikipata ukimbizini, na nikichoka dh hunitoka kama z hata leo. Miaka yote ile chini ya mwembe nilikuwa nikiwafundisha hivyo bila kujua.

Nilisimama pale kitambo. Nilitaka kuingia niwarekebishie, nikajua kwamba nikiingia sitarekebisha neno peke yake. Nikashika njia yangu. Ila nilipoupita ua nilikohoa, kwa sauti kubwa kidogo, na mpaka leo sina hakika kama ni vumbi la barabara lililonikohoza.